Robo ya Mwisho Ilisomwa Kwanza

Kuna wiki moja nilikosa usingizi kwa sababu ya mwanamke ambaye hajawahi kuishi. Jina lake Nafula, mhusika katika riwaya. Tulikuwa tumemjadili Jumapili kule Kawangware, tukamhukumu, tukacheka, tukanywa chai. Katikati ya kicheko msomaji wetu mmoja, Mama Brayo, akachukua mkoba wake akasema anatoka kuangalia kama mvua inakuja. Jua lilikuwa linawaka. Hakurudi.

Basi nikawa nalala nikijiuliza: msomaji akitoka kikundini kwa sababu ya kitabu, ni nani aliyemtoa? Kitabu? Wenzake? Au mimi niliyekuwa nimekaa mbele nikinyamaza? Nikimfuata, si atajua kwamba nimejua jambo lake? Nisipomfuata, si atajua kwamba sikujali? Kichwa changu kiko hivyo. Hata nikichagua nyanya sokoni huwa nawaza kama mwenye nyanya ameona nimezibonyeza mno.

Nyinyi mnaoipokea kazi hii mnaniita mstaafu, kisha mnaangua kicheko, maana sijafika hata miaka thelathini. Chekeni tu. Nimestaafu kweli. Kusimamia vikundi vya wasomaji vya mitaa ya Laini Saba na Kawangware hapa Nairobi ndiyo kazi ya kwanza niliyoipata baada ya chuo kikuu, na sasa ni yenu. Mliniomba niwaandikie namna inavyofanywa. Nitaandika jinsi mambo yanavyonijia, na mkiona nimeruka, rukeni nami.

Nianze na kisu.

Mnajua kwamba riwaya tunayoletewa huwa ni nakala moja, na wasomaji ni wengi. Zamani, kabla yangu, kitabu kilipitishwa kutoka mkono hadi mkono, na mtu wa mwisho alikipata wakati wa kwanza ameshamsahau mhusika mkuu. Madamu Khayesi, aliyekuwa msimamizi kabla yangu, ndiye aliyepata wazo la kukikata. Alikipeleka kwa Fundi Odhiambo, mshona viatu wa Laini Saba ambaye pia ni msomaji wetu, na Odhiambo akakigawa mara nne kwa kile kisu chake cha ngozi. Kila kipande akakishona uzi wa viatu na kukivika jalada la katoni ya mafuta ya kupikia. Tukaviita robo. Wewe ukisoma robo ya kwanza, mwenzako anasoma ya tatu, kisha mnabadilishana.

Siku ya kwanza nilipoona riwaya mpya ikikatwa, nilishika meza. Chuoni nilikuwa mtu wa kutokunja hata pembe ya ukurasa.

"Ticha, geuka uangalie ukuta," Odhiambo aliniambia. "Ni kama kuku. Ukimwangalia machoni hutamla."

Mara moja alikosea akakata katikati ya sentensi. Robo ya pili ikaishia pale mhusika anapofungua mlango na kumwona mtu kitandani. Ni nani? Jibu lilikuwa robo ya tatu, na robo ya tatu ilikuwa Kawangware. Watu walipigiana simu wiki nzima. Nilipomwambia Odhiambo siku nyingine afuate mwisho wa sura, kikundi kizima kilinipinga. Wakasema akate pabaya zaidi, maana vipande havijawahi kurudi haraka namna ile. Kwa hiyo mkimwona anapapasa kurasa akitafuta mahali pa kupitisha kisu, msidhani amechanganyikiwa. Anatafuta pa kuwatesa.

Jambo la pili ni maswali. Msimuulize mtu mzima, "Umejifunza nini katika riwaya hii?" Mimi niliuliza hivyo miezi kadhaa. Watu walikaa wima kama wako kwenye mtihani na kunijibu kwamba tamaa ni mbaya na elimu ni muhimu. Walipotoka nje ndipo nikawasikia wakibishana kwelikweli, wakitembea kando ya reli, wakisukumana mabega. Yaani mjadala ulikuwa unaanza nikishafunga daftari.

Swali lililoniokoa lilitoka kwa Auntie Pamela, mwenye saluni tunamokutana Laini Saba. Alikuwa amechoshwa na watu wangu wa tamaa ni mbaya. Akasema, "Mimi nataka kujua kitu kimoja. Huyu jamaa wa kwenye kitabu, kama chumba cha jirani kwenye ploti yako kiko wazi, ungekubali apewe?"

Chumba kililipuka. Mnajua ploti zetu: ukuta ni bati, bomba ni moja, choo ni kimoja, jirani akikohoa wewe unasema pole. Mtu hawezi kujibu swali hilo kwa maneno ya mtihani. Mmoja alimkataa shujaa mzima wa riwaya, mtu aliyekomboa kijiji, kwa sababu anaamka alfajiri akiimba. Mwingine alimkubali mwizi kwa sababu alikuwa msafi. Tangu siku hiyo nikawa nalitumia kila mara, na nawaachia. Ila ni swali lenye makali, na hilo nitalifikia.

Laini Saba treni ikipita hakuna anayesikia kitu, hivyo tunanyamaza wote. Desturi yetu ni kwamba aliyekatizwa anaanza maoni yake upya toka mwanzo. Utaona watu wanakaza sauti kwa makusudi treni ikikaribia, wapate nafasi ya kubadilisha walichosema. Waacheni. Wengi wetu hatupati kamwe nafasi ya kusema jambo mara ya pili kwa akili zaidi.

Siku hizi pia kuna maoni ya sauti kwenye kundi la simu, kwa wale ambao Jumapili wako kazini. Yasikilizeni mpaka mwisho, hata yale ya jamaa anayechomelea mageti, ambaye nusu ya maoni yake ni cheche. Alishawahi kutuma sauti ndefu tukadhani amelia kwa ajili ya mhusika. Kumbe ni moshi. Lakini akasema hata bila moshi angelia.

Sasa Madamu Khayesi. Kabla hajarudi ushago, kijijini kwao, kufundisha, alinikalisha hapo hapo saluni akanipa sheria moja aliyoiona kubwa kuliko zote. "Linet, msimamizi ni refa. Refa hapigi mpira. Siku utakayosema unakipenda kitabu, wote watakipenda wakuridhishe. Siku utakayosema hukipendi, watakifunga."

Alikuwa ameona mengi, nami niliishika sheria hiyo kwa furaha kubwa, kwa sababu ilinifaa. Mtu wa kuwaza kama mimi anapenda sana kuambiwa anyamaze. Kila waliponiuliza maoni yangu, nilijibu, "Kwa upande mmoja hivi, kwa upande mwingine vile." Auntie Pamela alinitania kwamba nikifa nitachelewa njiani nikilinganisha pande mbili za mbinguni. Walikuwa wakibahatisha vitabu ninavyovipenda kwa kuangalia uso wangu. Nikajifunza kuukaza uso.

Ndipo ikaja riwaya ya Nafula.

Niliisoma yote kabla haijafika kwa Odhiambo, kama nitakavyowaomba nanyi mfanye kila mara. Robo ya kwanza ni Nafula na mamake, wawili katika nyumba moja, na wajomba wanaolitaka shamba. Mama anamwapisha binti yake: siku nitakayokufa, usije kunizika. Ukija watakushika hapa, watakuoza kwa wanayemtaka, na hutatoka tena. Robo mbili za katikati ni Nafula mjini, anavyohangaika mpaka anafungua kibanda cha chakula. Robo ya mwisho mama anakufa. Nafula haendi. Siku ya mazishi anafungua kibanda kama kawaida, anapika maharagwe, anaonja, anaongeza chumvi, anawapakulia watu. Mwandishi hasemi kama alilia.

Tukagawana kama ilivyo desturi: Laini Saba wakachukua robo mbili za kwanza, Kawangware mbili za mwisho, kila kikundi kijadili zake, kisha tubadilishane, kisha tukutane wote pamoja. Riwaya nyingi tulizigawa hivyo na ubaya ulikuwa mdogo tu, kama ile ya upelelezi ambapo Kawangware walimjua muuaji kabla ya Laini Saba kumjua marehemu.

Kawangware tunakutana kwenye chumba kimoja upande wa Riruta, ibada ikishaisha. Nikauliza swali langu: "Nafula apewe chumba cha jirani?"

Baba Tero, fundi wa mabomba, huwa wa kwanza. "Nani? Huyu? Mtu hamziki mamake, anapika maharagwe! Kwangu haingii. Nafunga geti."

"Tena aliongeza chumvi," akadakia mwingine.

"Aliongeza! Imeandikwa! Mamake anashushwa kaburini, yeye anaonja!"

"Hata kuku wa mamake alikuwa na uchungu kumshinda."

Chumba kikavunjika mbavu. Wengi wetu nyumbani ni Magharibi au kando ya Ziwa. Mnajua kwetu kuzika ni nini. Mtu anaweza kukosa harusi yako, akakosa ubatizo wa mtoto wako, mkabaki marafiki. Mazishi ya mzazi hayakosekani. Mwili ukitoka Nairobi, ploti nzima inachanga na kusindikiza. Kwa hiyo hawakuwa wabaya. Walisema kile ambacho kila mmoja amefundishwa tangu utotoni, na mimi niliyejua robo ya kwanza nikakaa na uso wangu mkavu, nikingoja waisome wenyewe.

Hapo ndipo Mama Brayo alipokwenda kuangalia mvua.

Nimweleze kwa wasiomjua. Anauza omena, wale dagaa wa Ziwa, kando ya barabara. Alijiunga kwa sababu alitaka kitu cha kusoma wateja wakipungua, na akawa mwenye kicheko kikubwa kuliko wote. Kila robo aliifunga kwenye mfuko wa plastiki isinuke samaki, na kila robo ilinuka samaki. Laini Saba walikuwa wakifungua kipande wananusa na kusema, "Hiki kimetoka kwa Mama Brayo, basi ni kitamu."

Tulipokuwa tunapanga viti, jirani yake akanivuta pembeni. "Ticha, kwani hukujua? Mamake alizikwa Busia mwaka jana. Hakwenda."

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mkutano wa pamoja ulikuwa Jumapili iliyofuata, na nilijua ya kwamba asipokuja siku hiyo hatakuja tena. Watu hawaagi vikundi. Hukosa mara moja, halafu mbili, halafu unakutana nao barabarani mnazungumza habari za hali ya hewa.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuificha riwaya. Niseme robo moja imepotea, tujadili kitabu kingine kisicho na mazishi. Nikaenda kwenye rafu kutafuta. Jaribuni siku moja: tafuteni riwaya isiyo na kifo, wala mama, wala mtu aliyekosana na kwao. Nilibakiwa na kijitabu cha watoto kuhusu ng'ombe aliyependa maua. Nilikaa nacho mkononi muda mrefu, na nakiri kwamba nilianza kuandaa maswali. Kisha nikafika ukurasa wa mwisho, na ng'ombe naye akauzwa.

Alhamisi nikaichukua robo ya kwanza kutoka kwa Auntie Pamela, nikaenda Kawangware. Nilikuwa nimepanga maneno yangu kichwani vizuri, na mlango wa kutokea kwa kila sentensi.

"Sasa, Mama Brayo."

"Poa, Ticha. Nikupimie?"

"Leo sikuja kununua."

"Basi usinisimamie mbele ya wateja. Kaa hapa." Akapindua ndoo, akaipangusa kwa leso yake. Nikakaa. Maneno yote yakapotea.

"Nimekuja kukuuliza maoni yako juu ya Nafula," nikasema.

Aliendelea kupepeta omena kama hajanisikia. "Maoni si mlishatoa? Baba Tero amefunga geti."

"Baba Tero mwenyewe hana geti. Ana pazia."

Alicheka kidogo, bila kutaka, akaacha upesi. Halafu akaniangalia. "Na wewe ulisema nini?"

"Mimi?"

"Wewe. Sisi tulipewa mkia. Wewe ndiye ulisoma kitabu chote kabla Odhiambo hajakichinja. Nilikuangalia pale, nikangoja. Ulisema nini?"

"Msimamizi hasemi, Mama Brayo. Ni kama refa."

"Ehe. Kumbe." Akamhudumia mama mmoja aliyekuja, akamwongezea kiganja cha zawadi, akamtania kuhusu kofia yake. Alipomaliza hakurudi kwenye maneno yetu. Nikaitoa ile robo nikamwekea mapajani.

"Hii ndiyo ya kwanza," nikasema. "Nimeona uisome kabla ya Jumapili."

"Sijasema nitakuja Jumapili."

"Sijauliza."

"Na usidhani sijui wamekuambia nini." Sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa na hasira. "Sababu zangu ni zangu. Usije ukanisimamisha mbele ya watu kama ushuhuda wa kanisani."

"Siwezi kukufanyia hivyo."

"Sawa." Akachukua mfuko wa plastiki akaanza kuifunga robo. "Kitu kimoja. Hiki kitabu ni kirefu bure. Huko katikati mtu anatafuta kibanda kurasa mia, kwani Nairobi yote imejaa?"

Niliondoka nikiwa sijui kama nimefaulu au nimeharibu. Ijumaa nikaona nimeharibu. Jumamosi asubuhi nikaona nimefaulu, na jioni nikaona nimeharibu tena. Lakini kulikuwa na swali lililokuwa limebaki limesimama kila nilipogeuka, nalo halikuwa juu ya Mama Brayo. Alikuwa ameniuliza nilisema nini. Nilikuwa na maoni, tena makali. Nilipoisoma sura ya maharagwe peke yangu nilikiweka kitabu chini nikatembea chumbani. Na watu ambao walinipa maoni yao ya kweli wiki baada ya wiki, wakajianika, wakachekwa, hawakuwahi kupata hata moja kutoka kwangu.

Jumapili saluni ilijaa. Watu walikuja na nguo zao za kanisani, wakakaa chini ya zile kofia za kukaushia nywele, Odhiambo akakaa kwenye sinki. Mama Brayo alikuja wa mwisho. Akachukua kigoda akakiweka mlangoni kabisa, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Auntie Pamela alimtetea Nafula vikali. Alikuwa amemjua tangu robo ya kwanza, akimchotea mamake maji, na hakuna kilichoweza kumbadilisha. "Nyinyi wa Kawangware mlimkuta binti wa watu ugenini mkamhukumu. Mamake ndiye alimwapisha!"

"Nimeisoma hiyo robo jana usiku, tena inanuka samaki," akasema Baba Tero. "Nimeiona. Lakini mama wote si husema hivyo? Mamangu kila siku ananiambia, usijisumbue kuja. Maana yake ni nini? Jisumbue! Mama akikuambia usije, ndiyo unakuja mbio."

"Mamako si mama wa kila mtu."

"Mama ni mama, Pam!"

Walikuwa wanasema mambo mazuri wote wawili, na kila mmoja alikuwa amekwama pale alipoanzia kusoma. Mama Brayo alikuwa anaangalia sakafu. Nikaona mguu ulio nje ukianza kutafuta kiatu.

Nikanyoosha mkono. Mimi, msimamizi, nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la nne.

"Ticha anataka kwenda choo," Odhiambo akasema.

"Ticha ana maoni," nikasema.

Auntie Pamela akaweka kikombe chini.

"Nafula ningempa chumba," nikasema. "Kilicho karibu kabisa na changu. Baba Tero, nimekusikia, na mimi pia nimelelewa hivyo. Lakini naamini alimsikiliza mamake kwa mara ya mwisho, na ilimuuma kuliko kama angekwenda. Ile chumvi mliyoicheka, mimi ndipo niliposhindwa kuendelea kusoma. Mkono ulikuwa unatafuta kazi. Nadhani alimzika mamake pale pale, kwenye jiko lake, kwa namna aliyoagizwa. Na nadhani tuliomcheka tulimwonea."

Nilisikia "kwa upande mwingine" ikipanda kooni. Nikaimeza. Nilijua nimevunja sheria ya Madamu Khayesi mbele ya watu wote. Nikangoja waitikie ndiyo Ticha, ndiyo Ticha, kama alivyonionya.

"Ngoja, ngoja," ikaja sauti kutoka mlangoni. "Ticha, hapo umekosea."

Mama Brayo alikuwa amesimama. Akakishika kigoda chake kwa mkono mmoja, akaanza kukipitisha katikati ya magoti ya watu, akija mbele.

"Hakumzika," akasema. "Wewe unafikiri mtu anazika kwa sufuria? Sogeeni. Nyote mmesoma hayo maharagwe vibaya."

Nikakunja miguu apite.